Makao ya Manowari katika Nchi ya Rafiki

Watu wengi wasiokaa pwani hudhani ya kuwa nguvu ya manowari imo katika mizinga yake. Walakini manowari isiyo na maji ya kunywa, wala makaa au mafuta ya kuendeshea mitambo, wala mahali pa kumlaza baharia aliyeshikwa na homa, haiwezi kukaa baharini miezi mingi. Hurudi kwao, na kama kwao ni mwendo wa majuma mengi, bahari iliyokuwa ikilindwa hubaki wazi. Kwa sababu hiyo kila dola yenye manowari nyingi hutafuta mahali pa kutua katika nchi za mbali, na mara nyingi nchi hizo si zake, bali ni za wafalme au serikali zilizo rafiki. Mahali hapo huwekwa afisa mkubwa pamoja na makarani, mafundi, madaktari na maghala. Afisa huyo ndiye asemaye na wenyeji kwa ajili ya manowari zote zipitazo. Hayo ndiyo tuyaitayo katika habari hii makao ya manowari.

Twapenda kuieleza habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, pwani yetu imeyaona makao ya namna hiyo tangu zamani, na mambo yaliyoamriwa huko yalifika hata katika bandari ndogo. Ashukaye kutoka Miono na kupita Mkange hufika Saadani, nayo Saadani ni mojawapo ya bandari zilizoyaonja mambo hayo, kama tutakavyoona mbele. Ya pili, makao ya manowari za nchi nyingine yapo hata leo katika nchi za jirani zetu, wala si vema mtu kusikia jina la kitu pasipo kujua kazi yake.

Neno tulitakalo msomaji alishike ni hili: makao ya manowari katika nchi ya rafiki hukaa kwa mapatano. Faida yake na hasara yake kwa mwenyeji hazitoki katika wema wa mabaharia wala katika ubaya wao. Hutoka katika mapatano yale, na katika nguvu aliyo nayo mwenyeji ya kuyashikilia.

Merikebu London bandarini Unguja

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Iling'oa mikarafuu na minazi mingi, ikazamisha majahazi bandarini, na pamoja nayo merikebu za Sultani Seyyid Barghash bin Said. Baba yake, Seyyid Said, alikuwa na merikebu za vita zilizojulikana katika bahari yote ya Hindi. Mwana sasa akabaki karibu mikono mitupu. Mwaka uliofuata Waingereza walimtaka akomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Kwanza alikataa, maana ushuru wa watumwa ulikuwa sehemu ya mapato yake, na wakubwa wa nchi walikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Ndipo balozi wa Waingereza, John Kirk, alipomjulisha ya kuwa manowari zitakizingira kisiwa, chombo kisiingie wala kisitoke. Tarehe 5 Juni 1873 mapatano yakatiwa sahihi: watumwa wasisafirishwe tena baharini, na masoko yao yafungwe.

Tazama basi jinsi jambo lilivyokuwa tangu mwanzo. Mwenye nchi hakuwa na manowari za kuilinda sheria aliyoitia sahihi. Na mwenye manowari hakuwa na nchi ya kuzituza. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, lakini haja zao hazikuwa sawa, kwa kuwa mmoja alitia sahihi huku akitishwa.

Mwaka 1874 ikaja Unguja merikebu iitwayo London. Ilikuwa merikebu kubwa ya mbao, iliyoshushwa majini mwaka 1840, nayo iliundwa kuchukua mizinga 90. Ilipata kupigana Sevastopol mwaka 1854, Waingereza na Wafaransa walipopigana na Warusi, na baadaye ikatiwa mitambo ya moshi. Ilipoletwa kwetu ilikuwa imekwisha kuzeeka kwa vita, lakini haikuletwa kupigana. Ilitia nanga mbele ya mji, ikakaa pale yapata miaka kumi, ikawa ghala, karakana, hospitali na ofisi. Nahodha wake wa kwanza pale Unguja alikuwa George Sulivan, aliyekuwa ameizoea pwani hii kwa kuwinda majahazi ya watumwa. Ijapokuwa merikebu ilielea majini, kazi yake ilikuwa kazi ya nchi kavu.

Kuelea huko kulikuwa na maana katika sheria. Manowari huhesabiwa kuwa chini ya sheria ya dola yake popote itiapo nanga, lakini ardhi ya Unguja ilikuwa ya Sultani. Baharia aliyekosa ndani ya London alihukumiwa na nahodha wake. Akishuka mjini, alikuwa ameingia katika nchi ya mtu mwingine, na kosa lake huko lilikuwa neno la balozi na Sultani kuzungumza. Jambo hili, la nani atamhukumu mgeni, halijapata kuisha mpaka leo katika makao yoyote ya namna hii.

Kazi za makao

Kazi ya kwanza ya makao ni riziki: maji, nyama, mchele, mboga, kamba, matanga na makaa. Manowari zilizopita kati ya Aden na Rasi ya Tumaini Jema zilipata hapo haja zao, na wauzaji wa mjini walipata fedha. Hii ndiyo faida ambayo wenyeji huiona upesi.

Kazi ya pili ni matengenezo. Mtambo ukiharibika, chombo huja kutengenezwa mahali penye mafundi na vyuma. Lakini chombo kinachotengenezwa hakiwezi kukimbia, na kwa hiyo bandari ya matengenezo yahitaji ulinzi. Jambo hili lilionekana wazi Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus ilikuwa bandarini ikitengenezwa mitambo yake, na manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ikaja alfajiri ikaipiga mpaka ikazama.

Kazi ya tatu ni kutuma vyombo vidogo. Manowari kubwa haiingii katika vijito na mikoko ya Pemba, wala haiwezi kukaribia fungu la mchanga. Nguvu ya London ilikuwa katika mashua zake, nyingine za makasia na tanga, nyingine za moshi. Zilitumwa kwa siku nyingi, mabaharia wakilala ndani yake juani na mvuani, wakingojea majahazi yanayovuka usiku kutoka Mrima kwenda Pemba. Kila mashua ilihitaji mkalimani, kwa kuwa afisa asiyejua Kiswahili wala Kiarabu hakuweza kusoma hati za jahazi, wala kutambua yupi ni baharia, yupi ni abiria na yupi ni mtumwa. Tena katika manowari za Waingereza walikuwamo mabaharia Waafrika wa pwani hii, walioandikwa katika daftari kwa jina la Sidi. Walivuta makasia, walipakia makaa, na waliyajua maji ya pwani kuliko wakubwa wao. Msomaji asidhani, basi, ya kuwa kazi ile ilifanywa na Wazungu peke yao.

Kazi ya nne ni uuguzi. Homa iliua mabaharia wengi zamani zile, maana ilikuwa haijajulikana bado ya kuwa malaria huletwa na mbu. Katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja, yako makaburi ya mabaharia Waingereza, na ndipo walipozikwa pia watu wa Pegasus.

Kazi ya tano ni habari. Kabla ya mwaka 1879 barua ya kwenda Ulaya na jibu lake vilichukua majuma mengi, na afisa wa Unguja ilimbidi kukata shauri mwenyewe. Mwaka ule waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hata Unguja, na tangu hapo amri ya London, mji mkuu wa Waingereza, iliweza kufika mapema. Makao ya manowari bila habari ni kama mlinzi aliyefungwa macho.

Bendera na baraza

Kazi ya sita ndiyo ngumu kupita zote, nayo ni kushika sheria katika bahari ya watu wengi. Jahazi likikamatwa, nani ataamua kama kweli lilichukua watumwa? Zamani vyombo vingi vilivyokamatwa mbali vilichomwa moto palepale, kwa kuwa ilikuwa shida kuvivuta hata bandarini. Tena mabaharia walipewa bakshishi na serikali yao kwa kila mtumwa aliyeokolewa na kwa ukubwa wa chombo kilichotwaliwa. Mtu mwenye akili aweza kuona hatari iliyokuwamo: mwenye kukamata ndiye mwenye kupokea, na jahazi lililokwisha kuwa majivu haliwezi kutoa ushahidi. Kuwapo kwa makao Unguja kulisaidia, maana chombo kiliweza kuletwa mbele ya baraza la balozi, aliyepewa madaraka ya kuhukumu mambo hayo, na mwenye chombo akapata nafasi ya kujieleza.

Watu waliookolewa nao walihitaji mahali pa kukaa. Wengi hawakuweza kurudishwa makwao, kwa sababu njia za bara zilikuwa bado mikononi mwa wafanya biashara wale wale. Wengine walipelekwa Mbweni kisiwani Unguja, wengine Freretown karibu na Mombasa, mji ulioanzwa mwaka 1875, na kabla ya hapo wengine walipokelewa na mapadre wa Bagamoyo, waliofika huko mwaka 1868. Wazao wao wangalipo pwani, na baadhi yao walikuwa waalimu na makarani wa kwanza wa nchi hizi.

Shida nyingine ilikuwa bendera. Mapatano ya Sultani yaliwapa Waingereza ruhusa ya kupekua vyombo vya raia zake. Hayakuwapa ruhusa juu ya chombo chenye bendera ya Ufaransa. Kwa hiyo wenye majahazi wengine walijipatia hati za Kifaransa. Tarehe 3 Desemba 1881 nahodha wa London, Charles Brownrigg, akiwa katika mashua ya moshi karibu na Pemba, alilikaribia jahazi lenye bendera hiyo. Alikwenda kutazama hati tu, si kupekua, na watu wake hawakujitayarisha kwa vita. Nahodha wa jahazi, Hindi bin Khatim, na watu wake, waliokuwa wamechukua watumwa, wakawashambulia ghafula, wakamwua Brownrigg na baadhi ya mabaharia wake. Seyyid Barghash akatuma askari wake Pemba. Hindi bin Khatim akakamatwa, akafa kwa jeraha alizozipata. Ugomvi wa bendera haukuisha upesi. Mwaka 1905 Uingereza na Ufaransa ziliupeleka mbele ya waamuzi katika mji wa The Hague, kwa ajili ya majahazi ya Oman yaliyopeperusha bendera ya Ufaransa.

Afisa aliyeazimwa

Makao ya manowari hayatoi mashua na makaa tu, hutoa pia watu. Seyyid Barghash alitaka jeshi lililofundishwa kwa namna mpya, na mwaka 1877 akaazimwa afisa mmoja kijana kutoka merikebu London, jina lake Lloyd Mathews. Alianza na askari 300, akawafundisha kupanga safu na kutumia bunduki. Askari wale walikuwa wa Sultani, mshahara wao ulikuwa wa Sultani, na bendera yao ilikuwa nyekundu, ya Sultani. Ndio waliotumwa Pemba baada ya kifo cha Brownrigg, na Mathews mwenyewe aliwaongoza. Baadaye aliacha kazi ya manowari za kwao, akakaa Unguja moja kwa moja.

Msaada huo ulikuwa msaada wa kweli. Lakini tazama mwisho wake. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na mwaka 1891 Mathews akawa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani. Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Khalid, mwana wa yule Barghash aliyemwazima Mathews, alishika kiti cha usultani pasipo idhini ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti manowari tano, chini ya Admirali Rawson, zikalipiga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa nzima, zikaizamisha na merikebu yake iitwayo Glasgow, na watu yapata 500 wakauawa au kujeruhiwa. Askari waliofundishwa na Mathews hawakuwa upande wa jumba. Walikuwa upande wa wenye manowari. Walioazimwa kwa ajili ya baba walisimama juu ya mwana.

Hatusemi ya kuwa afisa yule alikuja mwaka 1877 na nia hiyo moyoni. Twasema kwamba jeshi humtii yule alifundishaye na kuliamuru, na mwenyeji asiyewafundisha maafisa wake mwenyewe huazima pia utii.

Mambo yaliyofika Saadani

London iliondolewa kazini na kuuzwa mwaka 1884. Lakini bandari ya Unguja iliendelea kutumiwa na manowari za Ulaya, na baada ya muda si za Waingereza tu. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Seyyid Khalifa alitia sahihi mapatano ya kuwapa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, kazi ya kuitawala Mrima na kutoza ushuru kwa jina lake. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti kampuni ya Wajerumani ilipoanza kazi, watu wakakataa, nao Abushiri bin Salim akawaongoza katika Pangani na Bagamoyo. Mwezi wa Septemba manowari ya Wajerumani iitwayo Leipzig ikashusha mabaharia Bagamoyo, na damu ikamwagika.

Tarehe 2 Desemba 1888 manowari za Wajerumani na za Waingereza, chini ya Admirali Deinhard na Admirali Fremantle, zikaanza kuizingira pwani yote, na Sultani akatoa idhini yake. Neno lililotangazwa lilikuwa kuzuia silaha zisiingie na watumwa wasitoke. Mazingiwa hayo yakadumu hata tarehe 1 Oktoba 1889. Saadani ilikuwa chini ya Bwana Heri, mkubwa aliyesikilizwa na Wazigua. Mwezi wa Juni 1889 askari wa Wissmann pamoja na manowari wakaipiga na kuitwaa. Bwana Heri akakimbilia bara akaendelea kupigana hata mwaka 1890, ndipo akapatana nao. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hapo msomaji wa Miono ataona jinsi makao ya manowari yaliyo ng'ambo ya bahari yawezavyo kuigusa njia apitayo mwenyewe. Mapatano ya mwaka 1873 yalikuwa na kusudi ambalo leo kila mtu hulisifu, la kukomesha biashara ya watumwa. Mapatano ya mwaka 1888 yalikuwa na kusudi jingine. Bahari ni ile ile, bandari ni ile ile, na Masultani wawili walioyatia sahihi, Barghash na Khalifa, walifanya hivyo kwa kuwa hawakuwa na manowari za kuwawezesha kukataa.

Kilindini mwaka 1942

Twende sasa mbele, hata vita kuu ya pili. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Wajapani ziliupiga mji wa Colombo katika kisiwa cha Ceylon, na tarehe 9 zikaipiga Trincomalee. Hizo zilikuwa bandari za manowari za Waingereza za bahari ya mashariki. Admirali James Somerville hakuweza kuziacha manowari zake mahali palipofikiwa na adui, akayahamisha makao yake makuu hata Kilindini, Mombasa. Wakati ule Mombasa ilikuwa katika utepe wa pwani uliokodishwa na Sultani wa Unguja kwa Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1895, kwa kodi ya kila mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu mpaka Desemba 1963. Kwa karatasi, basi, manowari zile zilikuwa katika ardhi ya Sultani rafiki. Kwa matendo, mpangaji alikuwa amekwisha kuwa mwenye nyumba.

Makao ya nchi kavu ya Kilindini yalipewa jina la Tana, kana kwamba nayo ni manowari, maana desturi ya Waingereza ni kuyaita makao ya pwani kwa jina la chombo, na watumishi wake huandikwa katika daftari kama watu wa melini. Kazi zake zilikuwa zile zile za London ya zamani, ila kwa vyombo vipya: mafuta mahali pa makaa, na simu ya upepo juu ya ile ya waya. Katika shule ya Allidina Visram, iliyo mbele ya bahari, waliwekwa wataalamu waliosikiliza maneno ya siri ya Wajapani yaliyopita hewani. Huko Mombasa mwaka 1942 waliweza kuifumbua hati ya siri ya meli za biashara za Wajapani, na hivyo safari za meli nyingi zikajulikana kabla hazijafika ziendako. Mwaka 1943 makao makuu yalirudi Ceylon, lakini Kilindini ikaendelea kupanga misafara ya meli.

Msafara mmoja ulioondoka Kilindini Februari 1944 haufai kusahauliwa. Ndani yake ilikuwamo meli Khedive Ismail, iliyochukua askari wengi wa Afrika Mashariki, wapiga mizinga, waliokuwa wakienda Ceylon. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Wengi wao walikuwa vijana wa bara, ambao huenda bahari waliiona mara ya kwanza siku ile walipopanda meli Kilindini. Adui wa mgeni alikuwa amekuwa adui wao.

Makao ya siku hizi

Siku hizi nchi zetu zina serikali zake, na mapatano hufanywa na wenye nchi. Kenya iliunda jeshi lake la majini tarehe 12 Desemba 1964, nalo lina makao yake Mtongwe, ng'ambo ya Kilindini. Jeshi la majini la Tanzania lilianza mwaka 1971 kwa msaada wa China, na makao yake yapo Kigamboni. Hapo rafiki alikuja kufundisha, naye mwenyeji akabaki na amri.

Mwaka 1980 Kenya ilipatana na Marekani ili manowari za Marekani ziweze kutumia bandari ya Mombasa. Baadaye Waamerika wakapata kambi pembeni mwa makao ya jeshi la majini la Kenya huko Manda, Lamu. Tarehe 5 Januari 2020 kambi hiyo ilishambuliwa na al-Shabaab, na Waamerika watatu wakauawa. Djibouti, nchi ndogo iliyo mlangoni mwa Bahari ya Shamu, imewakaribisha wageni wengi pamoja: Wafaransa, Waamerika, Wajapani, Waitalia, na tangu mwaka 2017 Wachina. Bahrain nayo ilikuwa na makao ya Waingereza tangu mwaka 1935. Walipoondoka mwaka 1971 Waamerika wakachukua sehemu yake, na mwaka 2018 Waingereza wakafungua makao mapya huko huko.

Tena swali la baraza lilirudi. Tangu mwaka 2008 manowari za mataifa mengi zilikuja kuwazuia maharamia wa Somalia. Walipokamatwa, nani awahukumu? Kenya ilipatana na Uingereza, Marekani na Ulaya, na maharamia wengi wakaletwa mbele ya mahakama ya Mombasa. Safari hii aliyehukumu hakuwa balozi wa wageni, bali hakimu wa nchi yenyewe. Mabadiliko hayo si madogo.

Mambo ya kuulizwa

Mtu akisikia kwamba manowari za rafiki zitapewa makao, asikimbilie kusifu wala kulaumu. Na aulize mambo matano. Je, mapatano yameandikwa, na watu watakaoguswa nayo wamejulishwa, au mambo ni kama ya mwaka 1888? Je, baharia akimkosea raia mjini, atahukumiwa na nani? Je, wenyeji watafundishwa kuwa maafisa, au watavuta makasia tu na kupakia makaa? Je, adui wa mgeni akija, nani atawalinda walio karibu na bandari? Na je, mwenye nchi akisema sasa imetosha, mgeni atang'oa nanga? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni mwenye mizinga hapewi jembe kwa urahisi, na kwa hiyo inafaa masharti ya siku ya tatu yaandikwe siku ya kwanza.

Waalimu waweza kuifundisha habari hii pamoja na ramani. Na wawaonyeshe wanafunzi Unguja, Pemba, Saadani, Bagamoyo, Kilindini na Lamu, kisha Aden, Djibouti, Bahrain na Colombo, wawaulize kwa nini manowari zimetafuta kutua katika bandari hizo hizo kwa miaka zaidi ya 100. Mwanafunzi atakayejibu kwamba ni kwa sababu ya pepo, na maji, na njia za meli, atakuwa amesema kweli. Atakayeongeza kwamba ni kwa sababu ya mapatano, na atakayeuliza ni nani aliyeyatia sahihi, huyo ameifahamu habari yote.